Kabla Hujamkata Mtu Mshahara kwa Simu Isiyopokelewa, Kagua Waya

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha bidhaa. Naongelea simu. Tena siyo hiyo smatifoni iliyoko mkononi mwako, naongelea ile mashine ya zamani ya kugawa simu za ofisi, ile inayokaa ukutani kama sanduku la umeme, waya zinatoka chini yake kama mizizi. Wengine wanaiita PABX, wengine swichibodi. Najua kuna watu watasema "sisi tunauza mtandaoni, hilo dude linatuhusu nini?" Nisome mpaka mwisho, maana kilichonipata mimi kinaweza kumpata yeyote ambaye ameshawahi kuandikiwa na mteja "nimepiga mara tatu hampokei".

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili tusizungushane: simu isiyopokelewa ihesabu kuwa ni ubovu wa kifaa mpaka ithibitike kuwa ni uzembe wa mtu. Anza na waya, malizia na mtu. Mimi nilianza na mtu, nikampoteza mfanyakazi mzuri.

DUKA LANGU LILIVYO

Niko Tanga. Nauza wino wa printa, makatriji, karatasi na nyaya za kompyuta. Niliishia kidato cha nne, mengine yote nimejifunza humuhumu mtandaoni na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Wateja wananiona kwenye posti, lakini wengi wao wakitaka kununua wanapiga. Ni watu wa ofisi, wahasibu, walimu, makarani. Mtu printa imegoma saa 2 asubuhi na kuna barua inatakiwa isainiwe saa 4, huyo hana muda wa kusubiri umjibu inboksi. Anapiga. Usipopokea anapiga duka linalofuata, na hakuambii kwamba umemkosa.

Vyumba viwili nilivyopanga vilikuwa ofisi zamani. Waliohama waliacha swichibodi ukutani pamoja na simu tatu za mezani. Mwenye nyumba akaniambia "kijana, ukiweza kuitumia itumie, mimi sijui hata inazimwaje". Nikaona bahati hiyo. Nilinunua kile kiboksi unachoingiza laini ya simu ya kawaida, kisha kinatoa waya wa simu ya mezani. Nikachomeka ule waya kwenye tundu la laini ya nje. Basi. Namba ile ile niliyoiweka kwenye ukurasa wangu, mteja akipiga, inaita mezani. Simu moja iko kaunta, moja stoo, moja kwenye meza yangu. Tunaweza kuhamishiana mteja bila kukimbizana na simu mkononi.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, kazi yake ni rahisi kuelewa. Kuna laini za nje, zile zinazoleta simu za wateja, na laini za ndani, zile zinazokwenda kwenye meza. Mashine iko katikati, inaamua simu iliyoingia iende meza ipi. Mfano, Panasonic KX-TES824, ambayo utaikuta kwenye ofisi nyingi za zamani, inatoka kiwandani na laini 3 za nje na 8 za ndani, na ukiiongezea kadi inafika 8 za nje na 24 za ndani. Ya kwangu ni ya ukubwa huohuo. Kwa duka dogo hiyo ni zaidi ya kutosha.

APRILI ILIYONIFUNDISHA

Mwaka jana mwezi wa nne, masika yamekolea, malalamiko yakaanza. "Nimepiga asubuhi inaita tu." "Nyie mmefunga duka?" Mteja mmoja wa Muheza aliyekuwa ananunua kila mwezi akaniandikia kwamba ameshapata sehemu nyingine, nisijisumbue.

Kaunta alikuwa anakaa binti mmoja, tuseme ana miaka 20 hivi. Asubuhi mimi nakuwa stendi natuma mizigo ya mikoani, narudi dukani mchana. Kwa hiyo asubuhi anakuwa yeye peke yake. Nikamuuliza mbona hupokei simu. Akasema, "Kaka, haikuita." Nikamwambia watu wanne wamesema inaita. Akasema, "Huko kwao inaita, hapa haiiti. Na nikiinua saa nyingine inakwaruza, saa nyingine iko kimya kabisa."

Nikaenda nikainua mkono wa simu. Saa 8 mchana. Mlio safi kabisa. Nikapiga kutoka simu yangu ya mkononi, ikaita palepale mbele yetu. Nikamwangalia. Yaani sikusema kitu lakini macho yalisema.

Yakaendelea wiki tatu. Kila nikirudi mchana simu nzima, kila asubuhi wateja wanalalamika. Kichwani kwangu hesabu ilikuwa imeshajibika: huyu binti anachati asubuhi. Mwisho wa mwezi nikamkata shilingi 30,000. Hakugombana na mimi. Alisema tu, "Sawa kaka, lakini simu haikuita." Katikati ya mwezi wa tano akaaga, akaondoka.

Nikakaa kaunta mwenyewe. Asubuhi ya kwanza ya mvua nimekaa hapo naangalia simu, meseji ikaingia kwenye simu ya mkononi: "Mbona hampokei?"

Simu haikuita. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

FUNDI WA KWANZA NA FUNDI WA PILI

Fundi wa kwanza alikuja, akafungua mfuniko, akaangalia dakika tano, akasema bodi imekufa. Bei ya bodi iliyotumika pamoja na kazi yake shilingi 380,000. Hakuinua simu hata moja. Hakuuliza swali hata moja. Nilimwambia nitajipanga.

Wa pili ni mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi ya laini za simu miaka mingi. Nikamwamkia, nikamweleza. Kabla hajagusa chochote akaniuliza, "Mwanangu, inasumbua saa ngapi?" Nikasema asubuhi. "Kila asubuhi?" Hapo sikuwa na jibu. Akasema, "Nani alikuwa anakaa hapa? Hakuandika popote?"

Nikachukua daftari la oda. Jamani. Pembeni ya kurasa, kwa kalamu nyekundu, yule binti alikuwa ameandika: "simu kimya, mvua usiku". "Simu inakwaruza mpaka saa 5." "Leo jua, simu nzima." Kurasa na kurasa. Jibu lilikuwa ndani ya daftari langu mwenyewe muda wote ule niliokuwa namwangalia kwa macho mabaya.

Mzee akachomoa waya wa kaunta kule kwenye mashine. Akachukua ile simu ya kaunta, akaichomeka kwenye tundu lilelile la mashine kwa kipande kifupi cha waya alichokuja nacho mfukoni. Mlio safi. Akapiga, ikaita. "Mashine nzima, simu nzima," akasema. "Kilichobaki ni kilichoko katikati." Kilichobaki ni mita kumi na kitu za waya ukutani.

Tukaufuata ule waya kwa mkono. Chini ya dirisha kulikuwa na maungio ya zamani yaliyofungwa na tepu nyeusi. Tepu imelegea, shaba ndani imegeuka kijani, na mvua ikipiga upande ule maji yanatiririka hapohapo. Wakazi wa pwani mnajua hewa yetu inavyokula shaba na chuma.

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Simu ya mezani ikiwa imewekwa chini, ule mzunguko unakuwa wazi, umeme haupiti. Ukiinua mkono, mzunguko unafunga, umeme unapita, na mashine inajua "huyu ameinua". Sasa maji yakiingia kwenye maungio, umeme unapita kidogo kati ya waya mbili ambazo hazikutakiwa kukutana. Mashine haina macho. Inaona umeme unapita, inasema kaunta wameinua simu, wana mazungumzo. Simu ya mteja ikiingia haipelekwi kwa mtu ambaye tayari "anaongea". Na kwa kuwa mashine yangu ilikuwa imepangwa na waliotangulia ipeleke simu zote kaunta peke yake, stoo na kwenye meza yangu hapaiti. Mteja yeye anasikia inaita tu kwenye sikio lake, kwa sababu hakuna aliyeipokea ile laini. Jua likitoka maungio yanakauka, saa 6 au 7 kila kitu kinarudi sawa. Saa 8 bosi anarudi kutoka stendi, anainua simu, anasikia mlio safi, anamwona mfanyakazi mwongo.

Waya mpya, viungio na klipu za kuubana juu ya dirisha vilinigharimu shilingi 14,000. Mzee nilimpa 20,000, akarudisha 5,000 akasema nikanywe chai.

MTU WA KWANZA KUTULAUMU SISI

Baada ya hapo nikaanza kusoma habari za hizi mashine, nikakutana na kisa cha Almon Strowger wa Marekani. Alikuwa mfanyabiashara wa mazishi pale Kansas City, karne ya 19. Wakati huo simu zote zilikuwa zinaunganishwa na mtu kwa mkono, unamwambia mhudumu unayemtaka, yeye anachomeka waya. Inasimuliwa kwamba Strowger aliamini mhudumu alikuwa anawapeleka wateja wake kwa mshindani wake. Akaamua kubuni mashine itakayounganisha simu bila mhudumu, na mwaka 1891 akapewa hataza yake. Mwaka uliofuata, huko La Porte, Indiana, kituo cha kwanza cha simu cha kutumia mashine hiyo kikaanza kazi.

Kwa hiyo hii mashine iliyoko ukutani kwangu ni mjukuu wa hasira za mfanyabiashara mdogo aliyekosa wateja kwenye simu. Mimi ninayo mashine tayari, hakuna mhudumu wa kuchomeka waya, lakini bado nikatafuta mtu wa kumbebesha lawama. Ugonjwa ni uleule.

SIMU IKISUMBUA, FUATA MPANGILIO HUU

Huu ndiyo utaratibu ninaoufuata sasa. Hauhitaji ufundi mkubwa, unahitaji uvumilivu. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua ni kipi kilikuwa kibovu.

1. Andika kwanza. Saa ngapi, simu ya meza ipi, ulisikia nini (kimya, kukwaruza, mlio wa bize), hali ya hewa, umeme ulikuwepo au ulikatika. Siku tatu za kuandika zinakusaidia kuliko fundi mwenye haraka.

2. Hamisha simu. Chukua simu ya meza nzima, ichomeke kwenye meza yenye shida. Ikifanya kazi, ubovu ni wa ile simu au kamba yake. Ile kamba iliyojikunja kama chemchemi, inayounganisha mkono na simu, hufa mara nyingi kuliko vitu vingine, na ni rahisi kubadilisha.

3. Hamia kwenye mashine. Chomoa waya wa ile meza kwenye mashine, chomeka simu nzima palepale kwa waya mfupi. Ikifanya kazi, mashine iko sawa, kafuate waya ukutani. Isipofanya kazi, jaribu tundu jingine. Tundu moja likifa haina maana mashine imekufa, hamia kwenye tundu lililo wazi na maisha yanaendelea. Kumbuka tu kwamba namba ya ndani inafuata tundu, usije ukashangaa kaunta imekuwa na namba mpya.

4. Tenganisha laini ya nje. Kama meza zote zina shida, chomoa laini ya nje kwenye mashine, ichomeke moja kwa moja kwenye simu ya kawaida. Isipofanya kazi hapo, shida iko nje ya mashine, yaani ni kile kiboksi, mtandao, salio la laini, au ni laini ya waya inayotoka mtaani.

5. Angalia mipangilio mwisho. Watu wengi wanaanza na hapa, wanabonyeza kitufe cha kurudisha mashine kwenye hali ya kiwandani, wanafuta mipangilio yote, na ubovu unabaki palepale maana ulikuwa wa waya. Usirudishe mashine kiwandani kama hujaandika kwenye karatasi imepangwaje.

Tahadhari: simu inapoita, kwenye zile waya mbili unapita umeme wa volti kama 75 hadi 90. Utakurusha. Usishike shaba iliyo wazi huku mtu anapiga. Na ile sehemu ya mashine inayoingia umeme wa ukutani usiifungue kama siyo fundi.

MATUNZO YA KILA MWEZI

Nafanya haya Jumapili moja kila mwezi, hayazidi nusu saa.

Vumbi na wadudu. Nazima mashine, napiga brashi kavu ya rangi kwenye matundu ya hewa. Sipulizi kwa mdomo, mate ni maji. Huku kwetu sisimizi na mijusi wanapenda joto la mashine, kwa hiyo tundu lolote la waya lisilotumika naliziba.

Lebo. Kila waya una kipande cha karatasi kilichofungwa na tepu: "kaunta", "stoo", "meza". Waliohama waliniachia waya zisizo na jina, siku ya kwanza nilipoteza mchana mzima natafuta upi ni upi.

Umeme na radi. Nina UPS ndogo na kinga ya radi kwenye laini ya nje. Mashine iwe na waya wa eathi unaofika ardhini kweli, siyo umefungwa kwenye msumari ukutani. Radi inaweza kuingilia kwenye waya wa simu hata kama umechomoa umeme, kwa hiyo mawingu yakiwa mazito na duka limefungwa, chomoa vyote viwili.

Simu ya dharura. Mashine nyingi za aina hii, umeme ukikatika kabisa, zinaunganisha laini ya kwanza ya nje moja kwa moja na tundu la kwanza la ndani. Kwa hiyo kwenye tundu hilo weka simu ya kawaida isiyohitaji umeme wake, siyo ile yenye skrini na vitufe vingi. Jaribu kwa kuzima mashine, uone kama inaita. Kama laini yako inapitia kiboksi kama yangu, kiboksi nacho lazima kiwe kwenye UPS au kiwe na betri yake, la sivyo hakuna cha kuunganisha.

Betri ya ndani. Ukiona kila umeme ukikatika saa na tarehe ya mashine vinarudi nyuma, ile betri ndogo ya kutunza kumbukumbu imechoka. Siku moja utaamka mipangilio yote haipo. Piga picha, andika kwenye daftari, kisha mwite fundi abadilishe.

Neno la siri. Mashine nyingi za zamani bado ziko na neno la siri la kiwandani, 1234. Libadilishe. Na funga simu za kwenda nje ya nchi kwenye meza ambazo hazina kazi nazo, maana bili inakuja kwako.

Simu ziite sehemu mbili. Hili ningelifanya tangu mwanzo nisingekuwa naandika makala hii. Panga laini ya nje iite kaunta na stoo kwa pamoja. Waya mmoja ukifa, mwingine unakuokoa. Na mfanyakazi mmoja hawezi kubebeshwa lawama za duka zima.

"SI UITUPE TU HIYO?"

Rafiki zangu wawili wanaouza nguo mtandaoni waliniambia nipeleke ile mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hoja yao ina ukweli. Kama unauza peke yako, simu moja inatosha, usiende kununua swichibodi kwa sababu umesoma makala yangu. Na kuna siku hata yangu nitaiacha. Radi ikichoma kadi ya laini za nje, au ukiona ndani ya sehemu ya umeme vile vikopo vidogo vimevimba juu na mashine inajizima yenyewe, halafu spea haipatikani ila kwa kubahatisha, hapo kupambana nayo ni kupoteza hela.

Lakini kuitupa kwa sababu ya waya wa shilingi 14,000? Hapana. Na kuitupa kusingenisaidia, kwa sababu tatizo langu kubwa halikuwa mashine. Ningenunua mfumo mpya wa kisasa, siku ya kwanza unakatakata sauti kwa sababu ya intaneti, ningemlaumu nani? Yuleyule wa kaunta.

NA WEWE USIYE NA SWICHIBODI

Haya yanakuhusu vilevile. Smatifoni nayo inaweza kumnyima mteja simu bila wewe kujua. Angalia kama umewasha hali ya usisumbue na ukasahau. Angalia kama simu yako imewekwa kunyamazisha namba ambazo hujazihifadhi, maana mteja mpya ndiye huyo ambaye hujamhifadhi. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine, na kama ni hivyo piga ##002# kufuta. Halafu mwombe mtu mwenye laini ya mtandao mwingine akupigie asubuhi, mchana na usiku, siyo mara moja tu. Ubovu unaokuja na kuondoka haukamatwi kwa kupiga mara moja saa 8 mchana. Mimi ni shahidi.

Na kama umemwajiri mtu, hata kama ni mdogo wako wa nyumbani, akikwambia "simu haikuita", mwulize swali la yule mzee: inasumbua saa ngapi? Yeye anakaa na kile kifaa kutwa, wewe unapita tu. Mpe daftari, na wewe ulisome.

Zile 30,000 nilimrudishia yule binti kwa simu, nikaongeza kidogo, nikamwandikia kwamba waya ulikuwa mbovu na kosa lilikuwa langu. Nilimwomba arudi. Alijibu siku ya pili: "Asante kaka, nimezipata. Nilishaanza kazi sehemu nyingine." Hakuandika zaidi, na mimi sikuwa na la kuongeza. Daftari lake bado liko kaunta. Anayekaa pale sasa nimemwonyesha kurasa zile, nikamwambia hivi ndivyo tunavyofanya kazi hapa.

Wateja wangapi waliniacha mwezi ule sijui, na wa Muheza hakurudi. Waya nimebadilisha, lakini mtu hauzwi dukani.

Kama una swichibodi ya zamani inakusumbua, andika hapo chini inafanya nini na inafanya saa ngapi. Ukiandika tu "mbovu", nitakurudishia swali. Kazi njema.